Kanyaga, Kinamasi Kinapitika

Mwenda pole hajikwai, walisema wahenga, na kwa mtu wa miguu hilo halina ubishi. Lakini mpande baiskeli, mwingize msituni asubuhi baada ya mvua, kwenye kijia chembamba kinachojipinda kati ya miti, mizizi imekatiza njia na maji meusi yametuama huku na huku, uone ni nani anayejikwaa. Ni yule yule mwenda pole. Gurudumu la mbele linaufikia mzizi halina nguvu ya kuupanda, linasita, usukani unapinda, na kabla hajasema lolote yumo kwenye mafunjo, tope hadi masikioni. Mwenzake aliyepita hapo kwa mwendo wa kawaida hata hakujua kama pana mzizi.

Nakuandikia wewe uliyenunua baiskeli yenye matairi mapana na meno, ukasema ni ya msituni, na mpaka leo inajua lami peke yake. Kila Jumapili unazunguka barabara kuu, matatu zinakupulizia moshi, unarudi nyumbani ukiwa safi. Akitokea mtu kusema twende msituni, jibu unalo mdomoni: mvua imenyesha, tungoje pakauke. Katika nchi yenye masika na vuli, na misitu ya mabondeni ambayo baadhi ya pembe zake hazikauki hata Februari, kungoja pakauke ni namna ya adabu ya kusema siendi. Mimi nasema twende hivyo hivyo pakiwa pamelowa. Asubuhi moja kwenye kijia chenye maji itakufundisha mambo ambayo lami haitakufundisha ukiizunguka mpaka matairi yaishe.

Jambo la kwanza ni kuelewa kwa nini unaanguka. Baiskeli haibaki wima kwa sababu umeishika imara. Inabaki wima kwa sababu kila mara inapoelemea upande mmoja, usukani nao unageuka kidogo upande huo, na magurudumu yanarudi chini ya mwili wako. Unafanya hivyo mamia ya mara katika kila safari bila kujijua. Ukienda kwa kasi ya kutosha, masahihisho hayo ni madogo, hata mtazamaji hayaoni. Ukipunguza mwendo yanakuwa makubwa, baiskeli inayumba kama unavyoijua, na kwenye kijia cha upana wa mabega yako hapana nafasi ya kuyumba. Kwa hiyo hofu inayokuambia punguza, punguza, punguza ndiyo inayokuangusha. Sisemi uende mbio. Kasi ya mtu anayekimbia mchakamchaka inatosha kabisa. Ninachosema ni kwamba kuna mwendo ambao chini yake baiskeli haikusaidii tena, na wengi wetu tunaingia kwenye kinamasi tukiwa tayari chini ya mwendo huo.

Kisha macho. Hapa sitaharakisha, maana kama ungechukua neno moja tu katika haya yote ningependa liwe hili. Mwili hufuata macho. Ukiukodolea mzizi utaugonga, ukilikodolea dimbwi utaoga. Hakuna uchawi ndani yake: kichwa kikigeuka mabega yanafuata, mabega yakigeuka mikono inafuata, na mikono ndiyo iliyoshika usukani. Kwenye kijia chenye kona moja baada ya nyingine, mtu mwoga hutazama gurudumu lake la mbele, na akishalitazama hilo basi kila kitu kinamfikia kwa kushtukiza. Nyanyua uso. Tazama mahali kona inapoishia, si pale inapoanzia. Ukikuta miti miwili imebanana, usiutazame mti wowote kati ya hiyo, itazame nafasi iliyo katikati, halafu itazame njia iliyo nyuma ya nafasi hiyo. Mzizi ulioupitisha machoni sekunde mbili tatu nyuma umekwisha hesabiwa. Miguu inaukumbuka. Huna haja ya kuuchunga mpaka dakika ya mwisho.

Utakataa, najua. Mara ya kwanza shingo itagoma kabisa kuacha kutazama chini, kwa sababu chini ndiko kunakotisha. Ilazimishe. Tafuta jani, kisiki, kipande cha mwanga mbele yako, kitazame hicho, na ukikifikia uwe umeshachagua kingine. Wapo watu walioendesha miaka na hawajawahi kuambiwa hili, wakadhani wenzao wamezaliwa na kipaji.

Breki nazo zina wakati wake. Tairi lina kiasi fulani tu cha kuishika ardhi, na kwenye tope kiasi hicho ni kidogo. Ukikitumia chote kujisimamisha, hakibaki cha kukata kona. Ndiyo maana anayebana breki katikati ya kona iliyolowa huteleza na kwenda moja kwa moja kichakani, usukani ukiwa umegeuka na baiskeli haina habari. Punguza mwendo kabla ya kona, ungali umenyooka, udongo ukiwa chini yako na si mizizi. Kisha achia. Ingia kwenye kona magurudumu yakizunguka kwa uhuru, ilaze baiskeli upande wa kona huku mwili wako ukibaki umesimama zaidi yake, mguu wa nje ukikandamiza pedali chini. Breki ya mbele ina nguvu kuliko ya nyuma, kwa kuwa uzito mwingi hukimbilia mbele unaposimama, kwa hiyo usiiogope wala usiinyonge. Kidole kimoja kinatosha kwenye breki nzuri, viwili kwenye breki za waya.

Mizizi ndiyo mtihani wenyewe. Ule uliochubuliwa gome na viatu vya wapita njia umebaki mti mtupu, na ukilowa unateleza kama sahani iliyopakwa mafuta. Uliokatiza njia sawasawa hauna shida, unaupanda na kushuka. Ulioegemea mshazari ndio mbaya, kwa sababu gurudumu hupenda kuufuata badala ya kuuvuka. Dawa yake ni kuugeukia uukabili uso kwa uso, hata kama ni kwa hatua moja tu, kisha urudi kwenye njia yako. Simama juu ya pedali zikiwa usawa mmoja, magoti na viwiko vimelegea, uinue usukani kidogo gurudumu la mbele lipite, halafu uegemee mbele la nyuma lifuate. Juu ya mzizi wenyewe hakuna breki, hakuna kukanyaga kwa nguvu, hakuna kugeuza. Unauvuka ukiwa mtu mtulivu asiyetaka ugomvi na mtu.

Tope lenyewe, lile ambalo watu huliogopa zaidi, ni rahisi kuliko mizizi. Badilisha giya ungali mbali, uwe kwenye giya nyepesi kabla tope halijakupokea, kwa sababu ukijaribu kubadilisha ukiwa ndani, mnyororo umekazwa na miguu inasukuma kwa hasira, utasikia mlio usioupenda. Rudisha uzito nyuma kidogo ili gurudumu la nyuma liume. Kisha kanyaga duara, sawasawa, bila vishindo. Baiskeli itayumba chini yako. Iache iyumbe! Mikono iliyolegea huruhusu gurudumu litafute njia yake, na mara nyingi huipata. Anayeushika usukani kwa kuukaba hujiangusha mwenyewe.

Na ukianguka? Fikiri umeanguka wapi. Kwenye lami unaanguka kwa kasi kubwa juu ya kitu kigumu, na pengine kuna lori nyuma yako. Hapa mwendo ni mdogo na chini ni laini. Utachafuka, utacheka, utainuka. Kwa mtu anayejifunza, sioni shule yenye huruma kuliko hii, na inanishangaza kwamba watu huikimbia wakaenda kujaribu bahati yao kwenye barabara za magari.

Kuna wanaoniambia wangependa lakini baiskeli yao ni ya mtumba, fremu ni ya chuma, haina springi za mbele za maana. Waambiwe basi mchezo huu ulianza vipi. Mwaka 1976, kwenye milima ya Marin, California, vijana kina Joe Breeze, Gary Fisher na Charlie Kelly walikuwa wakishindana kuteremka njia ya vumbi kwa baiskeli kuukuu zilizotengenezwa enzi za baba zao, nzito, zenye giya moja na breki ya kukanyaga nyuma. Breki hizo zilipata moto hata grisi ikayeyuka na kuungua, ikabidi kitovu cha gurudumu kifunguliwe na kupakiwa grisi upya baada ya kuteremka. Mashindano yakaitwa Repack, yaani kupakia upya, kwa sababu hiyo. Kutoka kwenye vyuma chakavu vile ndipo ilipozaliwa baiskeli ya mlimani unayoiona leo dukani kwa bei ya pikipiki. Kwa hiyo mtumba wako, ukiwa na breki zinazoshika na matairi yenye meno, umeshawapita waasisi.

Nisieleweke vibaya, chombo kibovu ni chombo kibovu. Mpelekee fundi. Mwambie aangalie pedi za breki, aukaze usukani, atazame kama gurudumu halijapinda. Vaa helmeti, hilo halina mjadala, na glavu ukizipata. Lakini suruali ya kubana ya elfu kadhaa, miwani, fulana yenye majina ya timu za Ulaya, hayo yote yanaweza kungoja, na kwa kweli tope haliyabagui. Kinachobadilisha safari yako kwa bei ya sifuri ni upepo wa matairi. Mtu wa lami hujaza mpaka tairi liwe gumu kama ukuta. Msituni tairi gumu linadunda juu ya kila mzizi na kuteleza. Lipunguze. Kwa mtu wa kilo 70 hivi, mwenye matairi mapana ya tyubu, jaribu kati ya PSI 26 na 30 kwenye kipimo cha pampu. Tairi linalegea kidogo, linakumbatia mzizi, eneo linalogusa ardhi linaongezeka. Usishuke chini sana, kwa kuwa tyubu itabanwa kati ya rimu na jiwe upate pancha ya matundu mawili, ile inayofanana na meno ya nyoka. Beba tyubu ya akiba, viraka, na pampu.

Wapi sasa? Kwa aliye Nairobi, Karura iko pale pale, zaidi ya hekta 1,000 za msitu ndani ya jiji, na baiskeli za kukodi zinapatikana langoni kwa asiyekuwa na yake. Sehemu kubwa ya njia zake ni pana na rahisi, nzuri kwa kuanzia, zina alama, na unazitumia pamoja na wakimbiaji, watoto na mbwa waliofungwa kamba, kwa hiyo piga kengele na upunguze mwendo. Teremka kuelekea mitoni, hewa inabadilika, jua linapungua, udongo unakuwa mweusi na mzito, na mikaratusi inaachia nafasi miti ya asili. Fuata njia zilizoruhusiwa baiskeli, usijichongee yako. Ukishazoea huko, safu ya Aberdare inakungoja, na mianzi yake na ukungu na baridi ya kuumiza vidole, kwa idhini ya wanaoisimamia na pamoja na mwenyeji anayeijua njia, kwa kuwa kule unaweza kukutana na wenye miguu mikubwa kuliko yako.

Nikikaa kidogo kwenye Karura, ni kwa sababu msitu ule ulipiganiwa. Januari 1999 Profesa Wangari Maathai alikwenda pale na wenzake kupanda miti kwenye ardhi iliyokuwa imegawiwa watu wajenge majumba, wakapigwa na walinzi, yeye mwenyewe akatoka damu kichwani. Msitu ukanusurika. Miaka mitano baadaye akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Kijia unachosita kukipita kwa kuogopa kuchafua viatu kipo kwa sababu kuna mtu hakuogopa marungu. Hilo halikulazimishi kuendesha baiskeli, bila shaka. Ila mimi nikiliwaza, visingizio vyangu vya mvua hupungua.

Kupiganiwa huko kunatudai adabu. Ukikuta dimbwi katikati ya njia, pita katikati yake. Najua unataka kulikwepa pembeni, kwenye majani. Wa pili atakwepa mbali zaidi yako, wa tatu zaidi, na baada ya msimu mmoja kijia cha upana wa mabega kimekuwa barabara ya trekta na miche yote ya pembeni imekufa. Tairi lako lina meno, viatu vyako vitaoshwa, pita kwenye maji. Tena kuna tofauti kati ya msitu uliolowa na msitu unaozama. Shuka, tazama alama ya tairi lako. Ikiwa ni chapa ya meno tu juu ya ardhi, endelea. Ikiwa ni mfereji unaojaa maji nyuma yako, geuza baiskeli ukanywe chai, urudi baada ya siku kadhaa. Nilisema usingoje pakauke, sikusema ulime.

Wapo pia wanaodhani mchezo huu si wa kwetu. Kule Kikuyu, nje kidogo ya Nairobi, David Kinjah amekuwa akiwafundisha vijana baiskeli kwa miaka mingi kupitia kikundi chake cha Safari Simbaz, wengi wao wakitoka katika nyumba ambazo baiskeli ni chombo cha kubebea maji na maziwa. Mmoja wa waliojifunza kwake alikuwa mvulana mzaliwa wa Nairobi aitwaye Chris Froome, aliyeanza kwa baiskeli ya mlimani kwenye njia za udongo mwekundu, akimfuata Kinjah kwenye vilima. Alikuja kushinda Tour de France mara nne, 2013, 2015, 2016 na 2017. Mbio hizo ni za lami, naam. Lakini miguu na mizani ya mwili vilianzia kwenye udongo wetu, na mwalimu wake ni Mkenya anayeishi nasi mpaka leo.

Na dada, usiniambie huu ni mchezo wa wavulana. Baiskeli ya mlimani ilipoingia Olimpiki kwa mara ya kwanza, Atlanta 1996, wanawake waliingia pamoja na wanaume, hawakuambiwa wangoje zamu yao. Kwenye kijia chenye kona za kubana, tena, misuli ya mapaja haikuokoi. Anayejua kutazama mbele na kulegeza viwiko anampita mwenye nguvu asiyejua, na nimeona sura za wanaume waliopitwa hivyo. Ni burudani.

Mfano ninaoupenda kuliko yote unatoka Rwanda. Adrien Niyonshuti alikuwa mtoto mdogo mwaka 1994, na mauaji ya kimbari yaliwachukua ndugu zake sita. Akakua, akapanda baiskeli, na mwaka 2012 akawa kwenye mstari wa kuanzia wa mbio za baiskeli za mlimani katika Olimpiki ya London. Sheria ya mbio hizo haina huruma: ukiachwa sana na kiongozi, unatolewa njiani, hupewi nafasi ya kumaliza kwa heshima. Niyonshuti alimaliza, wa 39. Magazeti huandika medali, na sina ugomvi nayo. Lakini kwa anayejua njia zile, mawe yale na miteremko ile, nambari 39 ya mtu aliyeanza na kidogo hivyo ina uzito wake, na inanihimiza kuliko kombe lolote.

Basi Jumamosi hii. Usipange kilomita 30. Tafuta kipande kifupi, mita mia moja hivi, chenye kona tatu nne, mizizi, na walau sehemu moja yenye maji. Kitembee kwanza kwa miguu. Gusa mizizi kwa kiatu, ujue upi unateleza. Chagua mahali utakapofunga breki na mahali utakapoachia. Punguza upepo wa matairi, shusha kiti vidole vitatu ili uwe na nafasi ya kusogea, weka giya nyepesi, nyanyua uso. Ingia kwa mwendo wa mchakamchaka.

Ukikwama, usianze mwanzo wa njia. Rudi mita kumi nyuma ya pale ulipokwama ujaribu tena hapo hapo, mara ngapi sijali. Umwite rafiki asimame kwenye kona mbaya, si kukudaka, bali awe anakupigia kelele "macho juu!" kila unaposahau, na utasahau. Ukipita bila kuweka mguu chini, pita tena uhakikishe si bahati. Halafu, kabla hujafurahi sana, geuza baiskeli uje kutoka upande wa pili. Mteremko umekuwa mlima, kona ya kulia imekuwa ya kushoto, na ile mizizi uliyokwisha kuizoea yote imekaa mshazari kwa namna nyingine.